Gari Lililokuwa Likizima Kwenye Mataa

Eliezer Lorenzo aliingia kwenye gereji yangu Jumanne asubuhi akiwa ndani ya gari lake, linavutwa kwa kamba na pikapu ya dada yake, na kabla hata ya salamu aliniambia kwamba Ijumaa saa tatu ana mtihani wa udereva.

"Mtihani wa nini tena?" nilimuuliza. "Wewe umeanza kuendesha kabla hujaota ndevu."

"Wa leseni ya kuendesha kwa mikono, Nereida. Ile ya zamani imeisha muda. Msimamizi anapanda, anakaa hapo pembeni yangu na karatasi zake, tunazunguka mji. Gari ikizima naye ndani, basi tena."

Dada yake, Maritza, alishuka kwenye pikapu akifungua kamba. "Na mimi nimeshamwambia," alisema. "Asipopita, gari inauzwa. Juzi imezima kwenye mataa ya barabara namba mbili, binti yake yuko ndani, malori yanapiga honi nyuma. Moyo wangu hautaki tena."

Kwetu Moca, mji mdogo wa Puerto Rico, kila mtu alimjua Eliezer. Kwa miaka kumi na moja alikwenda kwenye uwanja wa mbio za magari wa Salinas karibu kila Jumapili kushindana na Corolla yake ya mwaka themanini na mbili, nyeupe, ndogo, ambayo mlio wake ulisikika kutoka mtaa wa tatu. Halafu, miaka minne iliyopita, kikaja kimbunga kikubwa. Wiki mbili baada ya upepo kutulia alipanda juu ya nyumba ya mama yake kurudisha mabati, akaanguka, na tangu siku hiyo miguu yake haijamsikiliza. Wenzake wa mashindano walilichukua gari lake, wakang'oa gia za klachi, wakaweka gia za otomatiki zinazojibadilisha zenyewe, wakamfungia mkono mmoja wa chuma wa breki na mafuta upande wa kushoto wa usukani. Wakaweka na pampu ya umeme ya kulainisha usukani ili aweze kuuzungusha kwa mkono mmoja. Injini waliiacha kama ilivyokuwa. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Ninasuka nyaya za altaneta, ile inayochaji betri, na za stata, ile inayowasha injini, kazi niliyojifunza kwa mjomba, na vidole nimerithi kwa mama, ambaye mpaka leo anakaa barazani akifuma lesi kwa vijiti vyake hamsini. Nilimwambia Eliezer anieleze gari linafanya nini, si watu wanasema nini.

"Nikiwa mwendo, hamna shida," alisema. "Nikisimama, sindano ya volti inashuka. Taa zinafifia, feni inazubaa, usukani unakuwa mzito kama nazungusha jiwe. Nikikaa sana kwenye mataa, inakata roho."

"Umebadilisha nini?"

"Betri mara moja. Altaneta mara mbili. Hii ya mwisho ni ile kubwa kabisa, wameandika kwenye boksi ampea mia na arobaini."

"Boksi halichaji betri," nilimwambia, akacheka kidogo.

Niliiunganisha betri yake na chaja yangu mpaka mchana, maana ilikuwa imekufa kabisa, na wakati inajaa nikafuata nyaya. Nilipogusa mita yangu ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye bodi, gari likiunguruma, nikaona zaidi ya nusu volti inapotea hapo katikati. Waya wa athi, ule unaounganisha injini na bodi, ulikuwa umefungwa juu ya rangi mpya. Aliyepaka gari rangi alifanya kazi nzuri mno, hata penye bolti hakuacha chuma tupu. Nikakwangua, nikafunga waya mnene, nikaongeza na wa pili. Nikawasha kila kitu, gari likiwa kwenye sailensa, yaani linaunguruma tu bila kukanyagiwa mafuta. Mita ikasoma volti kumi na tatu na pointi moja.

"Umepona," nilimwambia.

Nasema hili kwa aibu. Betri ilikuwa imetoka kwenye chaja muda huohuo na injini ilikuwa bado ya uvuguvugu, feni za kuipoza hata hazijaanza kazi. Nilikuwa na haraka ya kufurahi. Eliezer alijivuta kwenye kiti cha dereva, akafungua magurudumu ya kiti cha kutembelea, akayarusha nyuma, akaondoka akipunga mkono. Baada ya dakika arobaini nilimwona Maritza akirudi na pikapu yake, kamba nyuma.

"Mataa ya kwanza sawa," Eliezer alisema kupitia dirishani. "Ya pili sawa. Ya tatu, mbele ya duka la mikate, tumesimamisha mji mzima."

Maritza aliniangalia tu, na afadhali angenitukana.

Jumatano nilifika gereji mapema nikaanza upya, safari hii polepole. Nililiacha gari liungurume mpaka likachemka vizuri na feni zote mbili zikaingia. Nikawasha taa, pampu ya usukani, kila kitu ambacho mtu angekiwasha siku ya mvua. Sindano ikashuka, ikashuka, ikafika chini ya volti kumi na mbili. Hapo betri ndiyo iliyokuwa inalibeba gari, haichajiwi, inanyonywa. Nikapiga resi kidogo tu. Sindano ikapanda mpaka kumi na nne na pointi mbili na kutulia. Nikaachia. Ikaporomoka.

Altaneta ilikuwa nzima. Nyaya zilikuwa nzima. Nilikaa chini kwenye ndoo nikalitazama lile gari kwa mbele, mkanda ukizunguka, na ndipo nikaona kitu ambacho nilikuwa nikikitazama tangu jana bila kukiona. Puli ya injini, ile ya chini inayovuta mkanda, ilikuwa ndogo. Ilikuwa nzuri sana, ya aluminiamu, imekerezwa ikang'aa kama sarafu, lakini haikuzidi upana wa kiganja changu. Sentimita kumi. Puli ya altaneta ilikuwa sita na nusu. Nikachukua penseli. Injini ikizunguka mara mia nane kwa dakika, altaneta ilikuwa inazunguka elfu moja na mia mbili na kitu. Altaneta kubwa kama ile kwa mwendo huo imelala usingizi. Ile mia na arobaini ya kwenye boksi inapatikana inapokimbia, na inapotembea haitoi hata kinachotosha feni.

Eliezer alipoletwa na dada yake saa nne, nilimwonyesha hesabu.

"Hii puli ni ya mbio," nilimwambia. "Umeifunga ili injini isipoteze nguvu kuzungusha altaneta, na ili altaneta isipasuke ukifika mizunguko elfu nane. Salinas ilikufaa. Kule husimami kwenye mataa."

"Tuongeze sailensa," alisema haraka. "Ukaze skrubu, izunguke elfu moja na mia tatu. Tumemaliza."

"Na gia zako za otomatiki? Ukiweka gia, gari itataka kuondoka yenyewe. Utakuwa unaishikilia kwa mkono kila ukisimama, mtihani mzima, na mkono huohuo ndio wa mafuta. Msimamizi atashuka mwenyewe."

Alijua nasema kweli.

"Puli ya injini iwe kubwa," niliendelea. "Kumi na nne, kumi na nne na nusu kama itaingia. Lakini nikikuwekea hiyo, Eliezer, huwezi tena kuifikisha elfu nane. Altaneta itavunjika vipande. Chagua, Salinas au mataa."

Hapo uso wake ulibadilika, nami nikaelewa kwa nini wenzake hawakuigusa ile injini. Alikuwa ameiweka. Miaka minne alikuwa ameiweka pembeni kwa ajili ya siku ambayo angerudi Salinas. Aliitazama injini, kisha akasema, "Weka kubwa."

"Kununua haitawezekana. Nimepiga simu San Juan, wanasema mpaka ije kwa meli, siku kumi. Fundi wa kukereza wa Mayagüez amefanyiwa upasuaji wa jicho. Amebaki mtu mmoja wa karibu."

"Sitaki."

"Sijamtaja."

"Na usimtaje."

Huyo mtu alikuwa Chago Rosado wa Aguada, mji wa jirani. Yeye ndiye aliyeikereza ile puli ndogo. Aliikereza na vitu vingine vingi ndani ya gari lile, maana walikuwa hawaachani, Eliezer anaendesha, Chago anatengeneza. Na siku ya mabati Chago ndiye aliyekuwa ameshika ngazi. Watu walisema aliiachia. Walisema aligeuka kuokota nyundo, au kujibu simu, kila mtu alisema lake, lakini mwisho wa maneno ulikuwa mmoja. Chago alikwenda hospitali mara moja. Eliezer aligeuza uso ukutani mpaka Chago akaondoka.

Sikubishana naye. Nilirudi kwenye stata ya mteja mwingine nikaendelea kuisuka. Eliezer alikaa kwenye kiti chake cha kutembelea mbele ya gari, mikono juu ya magurudumu, anasogea nyuma kidogo, anasogea mbele kidogo. Ilipita kama robo saa.

"Nereida."

"Sema, kaka."

"Mpigie wewe."

"Namba nitakupa. Kupiga utapiga mwenyewe."

Alinitazama kwa hasira, nikamwandikia namba kwenye kipande cha boksi. Alipiga. Niliisikia simu ikiita kule upande wa pili, kisha sauti ya Chago, na nyuma yake mashine inaunguruma.

"Chago," Eliezer alisema. "Ile puli uliyonitengenezea ni ndogo."

Mashine kule ilizimwa.

"Uliitaka ndogo," Chago alisema.

"Najua. Sasa naitaka kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Uje upime."

Chago alifika baada ya nusu saa akiwa bado na vumbi la chuma kwenye nyusi. Alinisalimia mimi, akamsalimia Eliezer kwa kidevu, akatoa kipimo chake mfukoni na kuingia chini ya gari. Kwa dakika kadhaa walizungumza kama watu wawili waliokutana dukani.

"Kumi na tano haiingii. Itagusa chuma cha chini."

"Kumi na nne?"

"Kumi na nne na nusu, nikipunguza ukingo. Nereida, nafasi ya mkanda ipo?"

"Ipo, nitabadilisha mkanda," nilijibu.

Kisha Eliezer akasema, kwa sauti ileile ya kuzungumzia puli, "Chago, hukuiachia ngazi."

Nilimwona Chago miguu tu, buti zake zimetokeza chini ya bampa. Hazikusogea.

"Bati lilikuwa mbali," Eliezer aliendelea. "Uliniambia nishuke tuisogeze ngazi. Nikakwambia ngoja. Nikajinyoosha. Nilitoka kwenye ngazi mwenyewe, mguu mmoja hewani. Wewe ulikuwa umeishika. Nilikuona umeishika wakati naanguka."

"Nilidhani niliilegeza," ilisema sauti kutoka chini ya gari.

"Hukuilegeza."

"Miaka minne nimekuwa nikijaribu kukumbuka mikono yangu ilikuwa wapi."

"Ilikuwa kwenye ngazi."

Chago alitoka chini taratibu, akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule. Kulikuwa na ahueni ndani yake, lakini hasira ndiyo iliyotangulia.

"Na waliposema ni mimi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilinyamaza," Eliezer alisema. "Mwanzoni sikuweza kusema lolote. Baadaye niliweza, nikaona ni nafuu kwangu wakikulaumu wewe. Sina utetezi."

"Mama yangu amehama kanisa, Eliezer. Alichoka kuangaliwa. Unajua hilo? Mwanamke wa miaka sabini na mbili anapanda basi kwenda kusali mji mwingine."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Alikunja kile kipimo, akakirudisha mfukoni, akaingia kwenye gari lake na kuondoka. Vipimo alikuwa ameviandika kwa kalamu kwenye mkono wake, basi vilikwenda naye.

Eliezer alibaki ameinamisha kichwa. Nilimletea kahawa, akaishika bila kunywa. Maritza, aliyekuwa amekaa ndani ya pikapu dirisha likiwa wazi, alikuwa amesikia yote. Alikuja, akamwekea kaka yake mkono begani, kisha akauondoa.

"Nimewachukia watu wale miaka minne kwa sababu yako," alisema. "Nilipishana na mama yake Chago sokoni nikageuka njia."

"Najua, Maritza."

"Kesho asubuhi utaniambia tena hayo, taratibu. Leo sitaki."

Alhamisi nilifungua gereji nikasubiri. Mpaka saa sita hakuna simu. Nilijaribu njia nyingine kwa ajili ya kesho yake, kuzima feni moja, kupunguza taa, kuweka betri mbili, na kila moja nikaiona ni ya kubahatisha tu. Mama aliniletea wali wa mbaazi, akauliza mbona sili. Nikamweleza. Akasema Chago alikuwa mtoto mwenye ghadhabu tangu darasa la kwanza, lakini hajawahi kuacha kazi nusu, na akaondoka na vyombo vyake.

Saa nane na nusu gari la Chago liliingia uani. Chago alishuka na kitu kimefungwa ndani ya kitambaa cha fulana ya zamani. Eliezer alikuwepo, na Maritza pia. Chago hakumsemesha yeyote. Alikifungua kile kitambaa juu ya meza yangu. Puli ilikuwa ya chuma safari hii, imara, kingo zake zimelainishwa kiasi kwamba ungeweza kumpa mtoto mchanga aichezee.

"Funga," aliniambia.

Tulifunga pamoja. Yeye alikaza bolti, mimi nikavuta mkanda mpya na kuupima kwa kidole gumba. Nikawasha. Tuliliacha gari lichemke, na hiyo ni kama dakika ishirini za kusimama bila cha kusema, watu wanne tunatazama injini. Feni ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Eliezer, akiwa kwenye usukani, akawasha taa kubwa, akaanza kuzungusha usukani huku na huku ili pampu ifanye kazi. Nilikuwa nimebana ncha za mita kwenye betri.

"Soma," Chago alisema.

"Kumi na tatu na pointi sita."

"Iache."

Tukaiacha robo saa nyingine. Ilicheza kati ya pointi tano na pointi saba. Haikushuka. Sikusema "umepona". Nilimwambia Eliezer aende mpaka mataa ya duka la mikate, asimame pale mara tano, arudi. Alirudi baada ya nusu saa amebeba mfuko wa mikate ya moto kwenye mapaja, gari likiunguruma polepole mlangoni, na taa zake hazikufifia alipopiga honi.

Chago alikuwa anakusanya vifaa vyake. Eliezer alimwita kutoka dirishani.

"Chago. Jana jioni nilikwenda kwa kinyozi. Palikuwa pamejaa. Niliwaambia."

"Uliwaambia nini?"

"Nilivyokwambia wewe. Wengine walijifanya hawajasikia, kwa hiyo nikarudia."

Chago alilifunga sanduku la vifaa. "Sijakusamehe," alisema.

"Sawa."

"Ninaweza nisikusamehe mwaka huu."

"Sawa, ndugu yangu."

"Mtihani ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakuwepo nje. Nataka kuisikia hiyo puli ikiwa barabarani, si kwa ajili yako."

Ijumaa tulikuwa wanne kwenye benchi la nje ya ofisi ile, mimi, Maritza, Chago, na mwanamke mmoja tusiyemjua aliyemleta mtoto wake kwa mtihani wa pikipiki. Msimamizi alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, aliyeizunguka Corolla mara mbili kabla ya kupanda, akainama kutazama mkono wa chuma wa breki kama mtu anayekagua samaki. Waliondoka. Mlio wa gari ulipotelea kwenye kona, na Maritza akaanza kuhesabu dakika kwa sauti mpaka Chago akamwomba aache.

Walirudi baada ya dakika thelathini na tano. Msimamizi alishuka, akaandika, akachana karatasi moja na kumpa Eliezer kupitia dirishani. Kisha akauliza, tukimsikia wote, "Hii gari yako inatumia injini gani? Mbona kwenye mataa imetulia hivi, halafu ukigusa mafuta kidogo inataka kuruka?"

"Ni ya zamani, mama," Eliezer alisema. "Imestaafu."

Alikuwa amepita. Maritza alilia, kisha akamkaripia kwa kuchukua kona ya mwisho kwa kasi, ingawa hakuiona. Chago alitega sikio mbele ya bonati, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, na akaanza kuelekea kwenye gari lake.

"Mama yako yuko nyumbani saa hizi?" Eliezer alimuuliza.

Chago alisimama. "Yuko. Kwa nini?"

"Nataka kumwona. Nataka kumwambia mwenyewe, asisikie kwa kinyozi."

"Atakufukuza."

"Anaweza. Ana haki."

Jua lilikuwa limeshapanda na lami ilianza kunuka. Chago aliliacha gari lake palepale, akazunguka Corolla, akafungua mlango wa abiria, akakaa.

"Usipitie njia ya juu," alisema. "Wanachimba mabomba. Pitia ya chini, ukate kulia penye ghala la saruji. Na ukifika ushuke, usimpigie honi. Honi hapendi."

Eliezer aliweka gia. Waliondoka taratibu, na nilipowaona wakisubiri nafasi ya kuingia barabara kuu, Chago alikuwa tayari anamwonyesha kwa mkono apite upande gani.